Nuru Iliyoonekana Leary

Ndugu wapenzi, nanyi walimu wa sharika zetu: mtu akitujia akisema ameona nuru ya ajabu angani, naye alikuwa peke yake, twamfanyaje? Wengine wetu humcheka, akarudi kwake kwa haya. Wengine hukimbilia kutangaza kwamba mwisho wa dunia umefika. Wote hao hawakumsikiliza.

Na tutazame jambo lililotokea Marekani. Jioni moja ya mwaka 1969, katika mji mdogo wa Leary, jimbo la Georgia, Jimmy Carter alingoja kuwahutubia watu wa chama cha Lions. Akaona upande wa magharibi nuru kali, yenye kubadilika rangi, kwa muda wa dakika kumi hivi. Mwaka 1973, alipokuwa gavana, aliandika habari yake. Huyu ndiye aliyekuwa Rais tangu 1977 hata 1981, tena mwalimu wa shule ya Jumapili. Hakudai kwamba ameona wageni wa ulimwengu mwingine; alisema tu ameona nuru asiyoijua.

Robert Sheaffer akaichunguza habari hiyo. Carter alikuwa ameandika mwezi wa Oktoba. Lakini kumbukumbu za chama zilionyesha tarehe 6 Januari. Ndipo Sheaffer akaona kwamba jioni ile Zuhura, nyota ya jioni, iling'aa upande ule ule, akaamua ndiyo iliyoonekana. Baadaye wengine wakasema sivyo: jioni ile roketi ilirushwa kutoka kambi ya Eglin, Florida, ikatawanya bariamu, nayo huko juu hung'aa kwa rangi.

Angalieni, ndugu. Shahidi alikosea mwezi, wala hakuwa mwongo. Na kama kosa lile lisingaliondolewa, wachunguzi wangaliitafuta nuru katika mbingu ya siku nyingine.

Torati yataka mashahidi wawili au watatu ili mtu asihukumiwe bure, si ili yule mmoja adharauliwe. Naye Paulo, akiwaandikia Wathesalonike, aliunganisha mawili: kutodharau, na kupima.

Basi tumwulize mwenzetu kwa upole: Siku gani? Saa ngapi? Upande gani? Tuyaandike maneno yake kabla ya kuyachanganya na yetu. Atakayezoea kumsikiliza hivi aliyeona nuru, atajua kumsikiliza pia mjane au mtoto asemaye peke yake kwamba ameonewa.

Mungu aliyeziumba nuru zote hahitaji tumwongezee ajabu. Ataka kwetu kweli na upendo. Amina.