Ulimi Mzito: Baiolojia na Hukumu ya Matamshi

Katika mji wa Sultan Hamud, uliochipuka kando ya reli na kupewa jina la Hamud bin Muhammed, aliyetawala Zanzibar kati ya 1896 na 1902, Kikamba hupakana na Kimaasai, na Kiswahili ndicho lugha ya soko. Kikamba hakina fonimu /r/. Kwa hiyo mzee aliyekulia katika Kikamba pekee anapotaja kura, huenda akasikika akitaja kula, na wasikilizaji hucheka. Kicheko hicho huambatana na maelezo yaliyozoeleka: Mkamba ana ulimi mzito. Maelezo haya yanastahili kuchunguzwa, kwani yanaiondoa tofauti ya kifonolojia katika historia ya msemaji na kuitia mwilini mwake.

Je, elimu ya viumbe inayaunga mkono? Patricia Kuhl na wenzake (2006) waliwalinganisha watoto wachanga wa Japani na wa Marekani. Wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 8, makundi yote mawili yalizipambanua /r/ na /l/ za Kiingereza kwa kiwango kinachokaribiana. Kufikia miezi 10 hadi 12, wale wa Marekani walikuwa wameimarika na wale wa Japani wamefifia. Kilichowatenga ni sauti zilizowazunguka. Baiolojia basi imo, lakini imo katika ubongo unaojifinyanga kwa lugha ya nyumbani, wala si katika nyama ya ulimi, sembuse damu ya kabila. Mtoto wa wazazi Wakamba anayelelewa katika Kiswahili cha soko huitamka /r/ bila taabu. Tena mlango haufungwi kabisa: Logan, Lively na Pisoni (1991) walionyesha kwamba Wajapani watu wazima wakifunzwa, huanza kuzipambanua sauti hizo vizuri zaidi.

Wapo, bila shaka, ambao kizuizi chao ni cha kimaumbile. Mwaka 2001 ilibainika kuwa badiliko katika jeni ya FOXP2 ndilo chanzo cha ugumu wa matamshi uliorithiwa katika ukoo mmoja wa London. Hapo ndipo suala la kimaadili linapomkaba mchekaji. Ikiwa ulimi wa Mkamba ni mzito kwa maumbile, kumcheka ni sawa na kumcheka mwenye kilema, tendo ambalo mchekaji huyohuyo angelikemea. Ikiwa si mzito kwa maumbile, basi anasema uongo. Yeye hutaka yote mawili: uhakika wa maumbile, na ruhusa ya kudhihaki.

Sanaa ya maigizo nchini Kenya imenufaika sana na ruhusa hiyo. Katika kipindi cha Vitimbi, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alimwigiza Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kijaluo, ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Ni vigumu kupata ushahidi bora zaidi kwamba lafudhi haimo katika damu. Hata hivyo mhakiki anayeusifu ustadi wake (na alistahili sifa) inampasa aulize kicheko kile kilimwangukia nani. Wanjau aliivua lafudhi ile taa za studio zilipozimwa. Mzee wa Sultan Hamud huondoka sokoni nayo.