Kisu cha Sentimita 27

Kijana mmoja wa Tanga anayefanya kazi Osaka alipopata likizo ya kuja nyumbani, aliazimia kumletea shangazi yake kisu. Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Shangazi ndiye aliyemlea, na riziki yake ni kupika pilau na biriani za shughuli, leo harusi Ngamiani, kesho arobaini Chumbageni. Mpishi wa sufuria kubwa, kijana akaona, anastahili kisu kikubwa.

Kutoka Osaka hadi Sakai ni mwendo mfupi. Sakai ni mji wa wafua visu tangu zamani. Visu vyake vya kukatia tumbaku vilisifika hadi serikali ya ukoo wa Tokugawa ikavipa muhuri wake. Mpaka leo kazi hugawanywa humo: huyu hufua, yule hunoa, mwingine hutia mpini. Huko kijana akachagua gyuto ya sentimita 27. Gyuto ndicho kisu cha mpishi kilichoenea enzi za Meiji, Wajapani walipoanza kula nyama ya ng'ombe waziwazi. Alichokishika kilikuwa cha chuma cha kaboni, bapa jembamba, mpini wa pembe nane wa mti wa honoki wenye pete ya pembe ya nyati. Ni kitu kizuri, na uzuri huo ndio uliomteka.

Muuzaji alimuuliza: atakayekitumia anakatia juu ya nini, anakata nini hasa, na nani atakinoa? Kijana akajibu kwamba ni mpishi mkubwa, basi. Akaomba jina la shangazi lichongwe kwenye bapa, na kisu kilichochongwa jina ni nani atakipokea tena dukani? Alichohangaikia zaidi ni sarafu. Japani wapo wanaoamini kwamba zawadi ya kisu hukata uhusiano, hivyo huambatanisha sarafu ya yeni 5 ili kuondoa mkosi. Sarafu aliipata.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Kisu kilipokelewa kwa vigelegele. Jioni ile wanawake walikaa mkekani kukata vitunguu vya shughuli ya kesho yake, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Mpishi wa pwani anayekata vitunguu hana ubao mbele yake. Kitunguu kiko kiganjani, kisu kinavutwa taratibu kuelekea dole gumba, vipande vinadondokea kwenye sinia. Kazi hiyo inataka kisu kifupi, chepesi, ambacho kidole kinakijua. Bapa la sentimita 27 linataka meza ya kusimamia na ubao mrefu kulizidi. Likishikwa mkekani, ncha yake inamwelekea jirani. Shangazi alikata vitunguu viwili, akakiweka kando, akaomba kile chake cha zamani.

Lakini zawadi ya mtoto haiachwi kabatini hivi hivi. Akakitafutia kazi inayolingana na ukubwa wake: mbuzi. Kwenye nyama ya paja kilipita kwa namna ambayo hajawahi kuiona, na wote waliokuwapo wakasifu. Kilipofika gotini akakipiga kama apigavyo panga, kikanasa mfupani, akakipinda ili kichomoke. Ukingo ukamegeka mahali pawili, kila pengo ukubwa wa punje ya mchele.

Kisu hakikuwa kibovu. Chuma cha visu hivi mara nyingi hupata 60 na zaidi kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell, wakati visu vingi vya Ujerumani vipo 56 hadi 58. Ugumu huo ndio unaokiwezesha kubeba makali membamba, karibu digrii 15 kila upande, na kukaa nayo muda mrefu. Gharama yake ni kwamba chuma kigumu hakipindi, kinamegeka. Panga likigonga mfupa hujikunja kidogo, ukaligonga na kulinoa maisha yakaendelea. Gyuto haitaki mfupa, haitaki nyama ya barafu, haitaki kupindwa.

Usiku kisu kikalala kwenye beseni pamoja na vyombo vingine, kikiwa bado na maji ya ndimu na nyanya. Asubuhi kilikuwa na madoa ya kutu. Chuma cha kaboni hufutwa kikauke papo hapo, tena hasa kwenye hewa ya chumvi kama ya Tanga, na hilo hakuna aliyemwambia shangazi.

Hata hapo kingeweza kuokolewa kwa kinoo, maji na subira. Kikapelekwa kwa fundi mwenye grenda. Cheche ziliruka, mapengo yakaisha, na ukingo ukageuka buluu. Chuma cha aina hii kikifika rangi hiyo kimeungua: ugumu umekitoka, na makali hayakai tena.

Shangazi hana lawama, wala fundi. Kijana alipima heshima yake kwa shangazi kwa sentimita, na maswali ya muuzaji, yaliyokuwa na majibu yote, akayapita. Kwa pesa ileile angepata santoku, kisu kifupi cha jikoni, ya sentimita 17 ya chuma kisichoshika kutu, kinoo cha namba 1000, ubao mzuri wa mti, na chenji juu.

Nawe unayeandaa zawadi ya namna hii, ujue kwamba kwa jiko la nyumbani gyuto ya sentimita 21 inatosha watu wengi. Ya 24 ni ya mwenye ubao mpana na mazoea, na ya 27 mwachie anayesimama mezani kutwa nzima. Uliza kama mwenyewe hutumia mkono wa kushoto, maana visu vya Kijapani vyenye makali upande mmoja kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Na kabla hujalipa, mpigie simu, umwombe akutumie picha ya mahali anapokatia na ya kisu anachokipenda sasa.