Haya ya Masikio

Mtumbwi wenye mota unaposhuka kutoka Kisangani, ukaipita Yangambi na kuelekea Isangi, pale Lomami inapojimwaga katika mto mkubwa, abiria huwa na saa nyingi na nafasi ndogo. Magoti yanagusana, vikapu vinagusana, na sauti za simu nazo zinagusana. Ni humo mtumbwini nilimojifunza kuutazama mkono mmoja wa binadamu: ule unaokimbilia kupunguza sauti. Baba mzima, mvi kichwani, anasikiliza ndombolo ya zamani, shingo ikitikisika kidogo kidogo. Mama wa kikundi cha maombi anasogeza kapu lake na kuketi karibu naye. Mkono wa baba unakwenda wenyewe. Wimbo unakatika katikati ya sebene, na baba anayatazama maji kana kwamba ndiyo aliyokuwa akiyatazama tangu asubuhi.

Mama hajasema neno. Pengine hata hakusikia. Basi baba huyu amemwonea aibu nani?

Tuyatenge kwanza maneno, maana lugha yetu imetupa zaidi ya moja na tumezoea kuyachanganya. Haya ni kizuizi kinachokaa ndani ya mtu. Humshika hata akiwa peke yake gizani, na ndiyo sababu kumwambia mtu kwamba hana haya ni tusi zito. Aibu yenyewe hutoka nje. Inahitaji jicho la mwingine. Fedheha ni aibu iliyokwisha kuwa habari ya mtaa mzima. Kwa kipimo hicho, baba wa mtumbwini hakushikwa na haya: angekuwa nayo juu ya wimbo ule, asingeufungua tangu mwanzo. Alishikwa na aibu. Lakini jicho liko wapi, ikiwa mama alikuwa akipanga samaki wake wa kukausha? Inaelekea jicho lile baba alipanda nalo mtumbwini, kama mzigo wake mwingine.

Jibu jepesi ni kwamba ubaya umo katika muziki wenyewe. Kwetu watu wa makanisa hugawa nyimbo mafungu mawili: za Mungu na za dunia. Mgawanyo huo unaeleweka, wala sina nia ya kuucheka. Ila Jumapili, ukikaa nje ya kanisa lolote la uamsho mjini Kisangani ukafunga macho, utasikia gitaa lilelile, likipanda kwa namna ileile, na miguu ya waumini ikijibu kama inavyojibu miguu ya baa. Hata ngoma, ambayo wamisionari wengi waliiona kuwa kelele ya kipagani, ilipata kiti chake: mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, kama Kongo yetu ilivyoitwa wakati huo, na ngoma na mwendo wa kucheza vikawa sehemu halali ya Misa. Sauti haikutubu. Ilibaki pale ilipokuwa, nasi tukaisogelea.

Utasema shida si sauti, ni maneno. Nakubali kwa nusu. Mwaka 1978 mwanamuziki Franco Luambo alitiwa gerezani kwa nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi, na sidhani waliomhukumu walikosea katika kuyaelewa maneno. Lakini mwaka 1989 mtu huyohuyo alipofariki, taifa lilitangaza siku nne za maombolezo. Mwaka 2021 rumba ya Kongo, pande zote mbili za mto, iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Tangu siku hiyo nimewaona watu wazima wakiisikiliza rumba kwa sauti ya juu, kifua mbele, kana kwamba wanatekeleza wajibu wa kitaifa. Ni nyimbo zilezile walizokuwa wakizisikiliza mlango ukiwa umefungwa. (Nakiri kwamba rumba inayosikilizwa kwa wajibu hunipendeza kidogo kuliko ile ya mlango uliofungwa.) Tanzania nako mambo ni hayohayo: bongo fleva ya miaka ya 1990 wazazi waliiita uhuni, leo wale waliokuwa vijana wakati huo ndio wanaokunja uso wakisikia singeli.

Kama ubaya hauko katika sauti, na katika maneno uko kwa nusu tu, tuutafute kwa watu. Nadhani hapa pana aibu mbili ambazo hatupaswi kuzichanganya. Moja ni hofu ya kuonekana mchafu. Ndiyo iliyompata baba wa mtumbwini. Ya pili ni hofu ya kuonekana mshamba, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayokata zaidi, kwa kuwa haina sala ya kuiondoa. Kijana wa Isangi anayesoma Kisangani anaweza kukiri kwa kicheko mbele ya wenzake kwamba anapenda nyimbo za baa. Mwombe akiri kwamba anapenda wimbo ambao bibi yake huuimba akitwanga, kwa lugha ya kijijini, bila gitaa. Atakuambia anausikiliza kwa ajili ya utafiti.

Aibu hii ya pili ina historia ndefu kwetu, na sehemu ya historia hiyo imo katika jina la lugha yenyewe. Kiswahili kilichofika huku na misafara, wakati wa Tippu Tip aliyefanywa liwali wa Stanley Falls, penye Kisangani ya leo, mwaka 1887, kiliitwa Kingwana: lugha ya waungwana. Na mwungwana hupimwa kwa kumtazama asiye mwungwana. Baadaye Wabelgiji walileta kipimo chao. Kuanzia mwaka 1948 palikuwa na kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaja hati ya juu zaidi, ambayo Mwafrika aliyehesabiwa kuwa amestaarabika aliipata baada ya maisha yake ya nyumbani kuchunguzwa. Patrice Lumumba, karani wa posta mjini Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, aliipata mwaka 1954. Fikiri familia inayongoja wakaguzi waingie hadi chumba cha kulia. Hata bila amri iliyoandikwa, ngoma ya babu isingesimama sebuleni siku hiyo. Serikali ile iliondoka mwaka 1960, lakini wakaguzi hawakuondoka wote. Mmoja alikuwa mtumbwini.

Mwaka uleule wa 1954, mjini humohumo, alizaliwa mwimbaji Abeti Masikini. Mwaka 1973 aliimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, na nyumbani hakuna aliyeuliza tena kama kuna haja ya kuona aibu. Koffi Olomide naye ni mzaliwa wa mji huo. Na Papa Wemba, alipoanzisha Viva la Musica mwaka 1977, aliiingiza lokole katika bendi; vijana wa mjini wakaishangilia ngoma ambayo baadhi yao wangeikimbia kama ingepigwa na mjomba wao. Ilibidi lokole ipitie jukwaa la Kinshasa ndipo tuione. Jambo hili linaniuma kuliko linavyonichekesha.

Lakini ngoma hiyo ina jambo jingine la kutufundisha, na kwangu ndilo kiini. Mto wetu una Walokele, ambao lugha yao hubeba maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Lokole yao ina sauti mbili, ya juu na ya chini, ya kike na ya kiume kama wanavyozitaja wenyewe, na kwa hizo mbili mpigaji husema sentensi nzima, akiirefusha kwa mafumbo ili neno moja lisidhaniwe jingine. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu mwaka 1938 akajifunza kuipiga, aliandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1949, na tayari aliona kwamba vijana wanaiacha. Sasa jiulize: katika kijiji cha lokole, nani angeweza kuona aibu kwa kuisikiliza? Swali halina maana. Ngoma ilisikika na wote. Aliyekuwa shambani alisikia, aliyekuwa na wivu alisikia, mtoto na mgonjwa walisikia. Hapakuwa na msikilizaji aliyechagua, kwa hiyo hapakuwa na msikilizaji wa kuhukumiwa.

Aibu ya muziki, basi, ni binti wa uchaguzi. Kuchagua ni kukata: kuchukua hiki na kuacha kile, na kisha kubaki na jina lako juu ya ulichokichukua. Wimbo ulipokuwa wa kijiji, ulikuwa kama mvua. Ulipoingia katika santuri, kisha kaseti, kisha simu, ukawa kama shati: umeununua, umeuvaa, na watu wana haki ya kuuliza kwa nini rangi hii. Hedifoni zikakamilisha kazi. Zimetupa chumba cha siri katikati ya umati, na mtu aliyepewa chumba cha siri huanza upesi kutafuta cha kuficha.

Je, tunaficha nini hasa humo? Nimekuwa nikiwauliza watu, na majibu hayakuwa niliyoyatarajia. Nyimbo chafu hazikuongoza. Waliona aibu zaidi kutaja nyimbo nyepesi, za kulialia, za mtu aliyeachwa akiomba arudiwe, zenye kinanda cha bei rahisi na kibwagizo ambacho mtoto hukijua baada ya mara moja. Mwanamume aliyekwisha kuzika wazazi wake bila kutoa chozi hatapenda ujue kwamba wimbo wa namna hiyo humshinda. Muziki unaosifiwa huja na hoja zake: ustadi wa gitaa, historia, heshima. Wimbo wa kulialia hauna hoja. Umempata mtu mahali asipokuwa na ulinzi, naye anajua kwamba akiulizwa sababu hatakuwa na la kusema ila kwamba unamgusa.

Hapa msomaji mwenye busara atanizuia: je, unataka tusione aibu kwa lolote? Hapana. Kuna nyimbo ninazozizima na ninaona ni sawa kuzizima, zile zinazomfanya mwanamke kitu cha kutupiana, au kabila la jirani mzaha. Na katika nchi iliyomwaga damu kama yetu, mzaha wa namna hiyo si mdogo. Ninapozima wimbo huo simwangalii aliye juu yangu, mkaguzi au mchungaji au msomi wa mjini. Namwangalia anayeumizwa nao, awepo au asiwepo mtumbwini. Hiyo naiita haya, na ningependa watoto wangu wairithi. Ile nyingine, ya kumzima bibi anayetwanga kwa sababu rafiki wa chuo amepiga hodi, ni deni ambalo hatukulikopa sisi na bado tunalilipa.

Baba wa mtumbwini sikumwambia lolote. Tulipokaribia Isangi yule mama alishuka katika kijiji cha kabla ya kituo chetu, na baba akaufungua wimbo tena, si pale ulipokatika, bali tangu mwanzo. Mimi pia nina wimbo kama huo. Nimeuzunguka tangu sentensi ya kwanza ya tafakuri hii, na sitautaja.