Kufungua si Kubomoa: Mkia wa Glaida na Swali la Umbo

Glaida ya rimoti, yaani ndege ndogo ieleayo hewani bila injini na kuongozwa kutoka ardhini, huweza kuwa na mabawa ya mita 3. Katika Gatwekera, kijiji kimojawapo cha Kibera jijini Nairobi, chumba cha kawaida kina takriban mita 3 kwa 3, na vichochoro ni vyembamba. Ni vigumu kuitunza ndege hiyo au kuipitisha humo mpaka mabawa yachomolewe, mkia ufunguliwe skrubu na vyote vitiwe begini. Hapo huzuka swali la kale: kilichomo begini ni glaida, au ni vipande tu?

Katika kitabu cha Kibuddha cha Maswali ya Milinda, mtawa Nagasena humwonyesha mfalme Milinda kwamba gari la farasi si magurudumu wala ekseli; “gari” ni jina litajwalo vipande hivyo vikiwa pamoja. Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle alikuwa na jibu tofauti: silabi “ba” si herufi b na a tu. Herufi zikitawanyika, silabi haipo tena ingawa herufi zipo. Mpangilio nao ni sehemu ya kuwa kwa kitu.

Mkia wa glaida unampa nguvu Aristotle. Mkia wa mlalo huzuia pua kupanda na kushuka ovyo, na uwezo wake hupimwa kwa eneo lake kuzidishwa kwa umbali wake kutoka kitovu cha uzito. Mkia wa sentimita za mraba 600 ulio umbali wa sentimita 60 hukaribia kufanya kazi sawa na wa 400 ulio umbali wa sentimita 90. Umbali huo si kipande, lakini ndio ufanyao ubao mwepesi uwe mkia. Vilevile, mkia wa umbo la V hutumia vipande viwili kufanya kazi ambayo kwa kawaida hugawiwa vitatu.

Ikiwa mpangilio ndio kiini, je, glaida hutoweka inapofunguliwa? Aristotle alitenganisha kuwapo kwa uwezo na kuwapo kwa utendaji. Tundu la skrubu, pini na kikalio kilichochongwa kwa pembe maalumu huhifadhi kipimo: mkia ukirudishwa, hurudi palepale. Begini, glaida ipo kwa uwezo.

Tofauti hii inaonekana Gatwekera kila mtu anapohama. Kitanda cha chuma hufunguliwa, hupakiwa mkokoteni na kufungwa kwingine; ni kitanda kilekile. Nyumba ikibomolewa, kama zilivyobomolewa nyingi Kibera Julai 2018 kupisha barabara, bati hubaki na matundu ya misumari yasiyolingana na mbao zozote. Bati hilo litaezeka nyumba nyingine, si ile.

Kwa hiyo kitu hudumu katika vipande vyake maadamu vipande vyenyewe vinahifadhi kipimo cha kurudiana. Kipimo kikipotea, kinachobaki ni mali ghafi.