Nani Aambiwe Angoje?

Mwaka 1848, katika mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York, watu 100 walitia saini tamko la kudai haki za wanawake: wanawake 68 na wanaume 32. Dai la kura ndilo lililoleta ubishi. Hata baadhi ya waliokuwapo waliogopa kuchekwa. Elizabeth Cady Stanton alilileta, na aliyesimama kulitetea ni Frederick Douglass, mtu aliyezaliwa mtumwa akatoroka.

Miaka 21 baadaye wawili hao walikuwa wakipingana hadharani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa, na Marekebisho ya 15 ya Katiba yalitaka mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi. Jinsia haikutajwa. Stanton na Susan B. Anthony wakayapinga. Douglass akasema kwamba kwa mtu mweusi kura ni suala la uhai, maana watu wake walikuwa wakiuawa. Akaulizwa: je, si hivyo pia kwa mwanamke mweusi? Akajibu kuwa ndivyo, lakini ni kwa sababu ya weusi wake, si kwa sababu ya uanamke wake.

Jibu hilo bado linanisumbua. Mwanamke huyo alikuwa na mwili mmoja. Aligawanywaje?

Nyumbani kwetu karo haikutosha watoto wawili. Mimi nilitangulia, dada yangu akaambiwa angoje mwaka mmoja tu. Mwaka huo ulizaa mingine. Wazazi walikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa mbaya. Kwa hiyo siwezi kusema kwa wepesi kwamba Douglass alikosea. Anayezama huokolewa kwanza. Ila anayesema "ngoja" aseme pia hadi lini, na ni nani atakayerudi kumchukua aliyebaki. Wanawake wa Marekani waliingizwa katika Katiba mwaka 1920. Kusini, weusi wengi, wanawake kwa wanaume, waliendelea kuzuiwa kwa hila hadi sheria ya mwaka 1965.

Stanton naye simtetei. Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini aliwadharau kwa maneno watu waliotoka utumwani juzi, na gazeti lake na Anthony lilianza kwa fedha za George Francis Train, aliyewabeza weusi waziwazi.

Ninayemfikiria zaidi ni Frances Harper, mshairi mweusi. Aliyaunga mkono Marekebisho yale, ingawa yeye kama mwanamke asingepata kura. Hapa naona tofauti ambayo mabishano yale yaliisahau: Harper alitoa zamu yake mwenyewe. Stanton alikuwa akitolewa yake na wengine. Dada yangu pia. Kungoja na kungojeshwa si jambo moja, hata kama miaka ni ile ile.

Mapema mwaka 1895 Anthony alimwomba Douglass asihudhurie mkutano wa wanawake huko Atlanta, ili wazungu wa Kusini wasichukie. Safari hii aliyetakiwa kukaa pembeni ni yeye. Tarehe 20 Februari mwaka huo huo alikwenda kwenye mkutano mwingine wa wanawake, Washington, akapokelewa kwa heshima, akarudi nyumbani, na jioni hiyo akafariki.