Nani Anaandika Jeraha?

Aliyekatwa panga Mbagala au kugongwa na bodaboda Mwananyamala anaijua njia. Akifika hospitali ndugu yake anaambiwa akimbilie kituoni akalete PF3. Ni karatasi ya polisi: askari anajaza jina, mahali na namna mtu alivyoumia, daktari anajaza aina ya jeraha na kilicholisababisha, kisha inarudi kituoni na huenda ikafika mahakamani kuwa ushahidi. Viongozi wamesema mara kadhaa kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, karatasi ifuate. Ila ukifika mapokezi usiku bila hiyo karatasi, utaulizwa.

Utaratibu huo una mantiki yake na siubezi. Jambazi aliyepigwa risasi akiiba asipate wodi ya kujifichia. Mke aliyepigwa na mumewe apate ushahidi usiokanushika. Tatizo linaanza pale aliyeumiza na anayejaza karatasi wanapovaa sare moja. Chukua kijana mwenye risasi ya mguu kutoka kwenye maandamano. Aende kituo cha polisi Chang'ombe akaseme nini? Akisema amepigwa na askari, amekiri kwamba alikuwepo. Akisema ameanguka, amelifuta jeraha lake kwa mdomo wake mwenyewe. Wengi hawaendi kabisa: wanafunga kanga, wanatafuta duka la dawa, na kidonda kinabaki bila mwaka wala saa. Waswahili walishaisema: kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Katiba ya 1977 haina upungufu wa maneno mazuri. Ibara ya 14 inalinda uhai, ya 15 uhuru wa mtu, na ya 13 inakataza mateso. Tumezoea kuzungumza kana kwamba haki hizo mtu anazo tayari, kazi ni kuzidai tu. Nadhani tunakosea. Mbele ya sheria jeraha huanza kuwepo linapoandikwa, na hivyo haki ya aliyeumia inasimama juu ya shahidi ambaye si mdaiwa. Asipokuwepo huyo, ibara zote hazimfikii.

Kwa aliyekamatwa ndivyo ilivyo, tena kwake kalamu inaandika hata saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka kipimo cha saa 24: asipoweza kufikishwa mahakamani ndani ya muda huo, mkuu wa kituo achunguze na, kama kosa si zito, amwachie kwa dhamana. Lakini kipimo hicho hakiyagusi makosa yenye adhabu ya kifo, ambayo sheria inasema tu mtu afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Uhaini ni mojawapo, na hauna dhamana. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, mamia ya watu, wengi wao vijana, walifikishwa mahakamani kwa uhaini, na ndugu wakazunguka kutoka kituo hadi kituo, kutoka hospitali hadi mochwari. Ukitazama vizuri, jina la kosa lilikuwa limeshafanya sehemu kubwa ya kazi ya hukumu kabla hakimu hajafungua jalada.

Novemba 14 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia wabunge, Dodoma, kwamba walioonekana kufuata mkumbo waangaliwe kwa jicho la msamaha. Mamia waliachiwa, na mama aliyempata mwanawe hana muda wa kubishana juu ya neno. Mimi ninao. Ibara ya 13 inasema mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Basi aliyesamehewa kabla ya kuthibitika amesamehewa nini? Msamaha unamfungulia mlango na kumwachia doa. Hadai fidia, kwa sababu mtu hamdai aliyemfanyia hisani.

Kwenye swali hili la nani msafi na nani ana doa, wa kumkumbuka ni Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliyepigwa risasi ndani ya daladala Kinondoni, Februari 16, 2018, polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa Chadema. Viongozi wa chama hicho walishtakiwa, wakatiwa hatiani Machi 2020, na Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo Juni 2021. Jalada la askari waliochunguzwa lilifungwa bila yeyote kushtakiwa. Tulimlilia sana, na tulisema: hakuwemo, alikuwa abiria tu. Ni kweli. Lakini sentensi hiyo ina mtego, kwa kuwa inakubali kimyakimya kwamba angekuwemo, risasi ingekuwa na hoja. Kutibiwa, kumwona wakili, kujulishwa sababu ya kukamatwa, havitegemei usafi wa mtu. Hata aliyerusha jiwe anavistahili. Jiwe lina mahakama yake.

Kinachohitajika si kikubwa. Daktari wa zamu aandike kwanza, kwa fomu ya hospitali, akitia saa na saini, nakala moja abaki nayo mgonjwa na nyingine ipelekwe Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. PF3 ije baadaye kama ni lazima. Mdai bado atasubiri siku 90 za notisi kabla ya kuishtaki Serikali, na bado atatafuta wakili wa kumlipa. Ila atakuwa na karatasi ambayo mdaiwa hakuijaza.