Mwenye Duka na Neno "Kwetu"

Aliyepata kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga au Moshi aijua Segera, katika Wilaya ya Handeni, karibu na mpaka wa Korogwe. Barabara itokayo Chalinze huishia hapo: wa Tanga hushika kulia, wa Moshi hushika kushoto. Watu huuza machungwa na vyakula, mafundi huziba pancha, na mnunuzi wa leo pengine hataonekana tena maishani.

Mahali kama hapo lazuka swali: mfanyabiashara anadaiwa nini na mahali anapopatia riziki? Wengi hujibu upesi: "Nimelipa ushuru, sijaiba cha mtu, yaliyobaki ni ya serikali." Jibu hilo lina haki ndani yake, lakini ni nusu ya haki.

Na tutazame. Faida ya Segera haitokani na bidii ya muuzaji peke yake. Yatokana na njia panda, ambayo hakuichonga yeye. Yatokana pia na imani ya msafiri, ashukaye garini akiamini kwamba kipimo ni sawa. Kodi hujenga barabara. Imani hiyo haijengwi kwa kodi. Imewekwa akiba na wauzaji waaminifu, siku kwa siku. Basi amdanganyaye mpita njia hakumwibia huyo mmoja tu, bali ametapanya akiba ya jirani zake. Naye asiyedanganya, lakini auonaye mfereji umeziba mbele ya wote akanyamaza, anakula matunda ya mti asioumwagilia maji.

Historia yetu inao mfano. Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alikuwa na duka Dar es Salaam wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1934 alishiriki kuanzisha chama cha wafanyabiashara Waafrika, ambacho baadaye kilijishughulisha na hali ya Waafrika kwa jumla. Mwaka 1937, wakati Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali, yeye alianzisha gazeti lake la Kiswahili, wananchi wapate pa kusemea. Hakuwa na cheo serikalini, wala hakuzaliwa mjini humo. Hata hivyo gazeti hilo aliliita Kwetu.

Neno hilo moja latufundisha kuliko hotuba. Ndani ya duka mtu husema "kwangu", na ni haki yake, maana duka lina mwenyewe. Lakini hatua mbili nje ya mlango "kwangu" imekwisha. Na pakikosekana mtu wa kusema "kwetu", mahali pa wote huwa si pa mtu, na punde huwa jalala.

Basi aliyehamia asijitetee kwamba si mzaliwa, wala mwenye meza ndogo asingoje kutajirika. Kupima kwa haki, kufagia mbele ya genge, kuhudhuria mkutano wa kijiji na kuuliza ushuru umetumikaje: hayo hayahitaji mtaji. Gharama yake ni muda, na mara nyingine chuki ya wasiopenda kuulizwa. Gharama hiyo si ndogo, wala hatusemi ni ndogo. Lakini deni halilipwi kwa maneno, na hili ni deni wala si sadaka: kila shilingi iingiayo dukani imepita kwanza katika njia ya wote.